Jinsi ya Kukokotoa Ukuaji Halisi wa Pato la Taifa la Uganda kwa Difleta na Mwaka wa Kizio

Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti ya Uganda, wananchi husikia takwimu mbili kuhusu uchumi wao, na mara nyingi takwimu hizo hazielekei kupatana. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Pato la Taifa lilikuwa na thamani ya takriban shilingi trilioni 163, na makadirio ya kwanza ya mwaka uliofuata, 2022/23, yakaliweka kwenye trilioni 184 hivi. Mtu mwenye kikokotoo atagawanya 184 kwa 163 na kuona ongezeko la karibu asilimia 13, ilhali taarifa ile ile ilisema kwamba uchumi ulikua kwa zaidi kidogo ya asilimia 5. Hakuna aliyedanganya. Ongezeko la asilimia 13 limechanganya mambo mawili, yaani wingi wa vitu na huduma zilizozalishwa pamoja na kupanda kwa bei zake. Lile la asilimia 5 limebakiza wingi peke yake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutoka kwenye takwimu ya kwanza hadi ya pili kwa mkono wako mwenyewe, na mahali ambapo wengi huteleza njiani.

Hatua ya 1: Hakikisha umeshika jedwali sahihi

Ofisi ya Takwimu ya Uganda, ambayo wengi huiita UBOS, hutoa majedwali ya Pato la Taifa ya aina mbili kuu. La kwanza ni la bei za mwaka husika, ambamo mahindi ya 2022/23 yamethaminiwa kwa bei za 2022/23 na mahindi ya 2023/24 kwa bei za 2023/24. La pili ni la bei za mwaka wa kizio, ambamo mazao na huduma za miaka yote zimethaminiwa kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, ambao katika takwimu zinazotumika hapa ni mwaka wa fedha 2016/17. Soma kichwa cha jedwali hadi mwisho kabla ya kunakili namba hata moja, kwa sababu majedwali haya yanafanana sana kwa sura.

Kuna tofauti nyingine mbili ambazo kichwa cha jedwali hukutajia kwa maneno machache. Uganda hutoa takwimu za mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na pia za mwaka wa kalenda; ukichukua Pato la mwaka wa fedha 2022/23 na difleta (kipimo cha bei tutakachokieleza katika Hatua ya 3) ya mwaka wa kalenda 2023 utakuwa umegawanya vipindi ambavyo vinaingiliana nusu tu. Aidha, jumla ya ongezeko la thamani (mauzo ukitoa malighafi na huduma zilizotumika) la sekta zote si sawa na Pato la Taifa kwa bei za soko, kwani hilo la mwisho limejumlisha pia kodi za bidhaa baada ya kutoa ruzuku. Chagua moja na ubaki nayo mpaka mwisho wa hesabu.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ndogo kwa mkono kwanza

Kabla ya kugusa namba za taifa zima, inafaa kufanya hesabu ya uchumi mdogo unaoweza kuuona wote kwa pamoja. Tubuni wilaya inayozalisha vitu vitatu tu: mahindi, maziwa na safari za boda boda. Bei na viasi vifuatavyo nimevitunga ili hesabu ieleweke. Si takwimu za wilaya yoyote.

Bei za mwaka wa kizio 2016/17: mahindi shilingi 800 kwa kilo, maziwa 1,000 kwa lita, safari ya boda boda 2,000.

Mwaka 2022/23: kilo 500,000 za mahindi kwa shilingi 1,400, lita 300,000 za maziwa kwa 1,500, safari 200,000 kwa 3,000.

Mwaka 2023/24: kilo 560,000 za mahindi kwa shilingi 1,300, lita 315,000 za maziwa kwa 1,800, safari 210,000 kwa 3,500.

Anza na bei za mwaka husika. Kwa 2022/23, mahindi yanaleta shilingi milioni 700, maziwa milioni 450 na boda boda milioni 600, hivyo jumla ni milioni 1,750. Kwa 2023/24, mahindi yanaleta milioni 728, maziwa milioni 567 na boda boda milioni 735, jumla milioni 2,030. Ongezeko ni milioni 280 juu ya 1,750, yaani asilimia 16 kamili.

Sasa rudia hesabu ile ile kwa bei za 2016/17, bila kugusa viasi. Kwa 2022/23 unapata milioni 400 za mahindi, 300 za maziwa na 400 za boda boda, jumla milioni 1,100. Kwa 2023/24 unapata milioni 448, 315 na 420, jumla milioni 1,183. Gawanya 1,183 kwa 1,100, toa moja, na utapata asilimia 7.5. Huo ndio ukuaji halisi wa wilaya yetu, na unaweza kuuhakiki kwa macho: mahindi yameongezeka kwa asilimia 12, maziwa na safari za boda boda kwa asilimia 5 kila moja, kwa hiyo jibu lolote ambalo halikai kati ya 5 na 12 lina kosa ndani yake.

Hatua ya 3: Pata difleta, kisha gawanya

Difleta ya Pato la Taifa ni fahirisi inayoonyesha bei za vitu vyote vilivyozalishwa nchini zimefikia wapi zikilinganishwa na mwaka wa kizio. Hupatikana kwa kugawanya Pato kwa bei za mwaka husika kwa Pato kwa bei za mwaka wa kizio, kisha kuzidisha kwa 100. Katika mwaka wa kizio wenyewe jibu huwa 100 daima, kwa sababu majedwali yote mawili yanatumia bei zile zile. Ukikuta namba nyingine hapo, umechanganya majedwali.

Kwa wilaya yetu, difleta ya 2022/23 ni 1,750 ÷ 1,100 × 100, yaani 159.1. Ya 2023/24 ni 2,030 ÷ 1,183 × 100, yaani 171.6. Bei kwa jumla zimepanda kwa 171.6 ÷ 159.1, sawa na asilimia 7.9.

Ukipewa namba za mwaka husika pamoja na difleta peke yake, bila jedwali la bei za kizio, unarudi nyuma kwa njia hiyo hiyo: gawanya Pato la kila mwaka kwa difleta ya mwaka huo, zidisha kwa 100, kisha linganisha majibu mawili. Au, kwa mkato, gawanya 1.16 (ukuaji wa thamani) kwa 1.079 (ukuaji wa bei) upate 1.075.

Hapa ndipo kosa linalopendwa kuliko yote hutokea. Watu hutoa badala ya kugawanya: asilimia 16 toa asilimia 7.9 ni 8.1, wanaandika 8.1 na kuendelea na shughuli nyingine. Kwa wilaya yetu kosa hilo ni zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja, na katika mazungumzo ya kawaida lingeweza kupita, lakini hukua kadiri bei zinavyopanda. Uganda ina historia inayolionyesha waziwazi. Mwaka 1987 mfumuko wa bei ulikuwa kiasi cha asilimia 200, na Mei mwaka huo serikali ilitoa shilingi mpya, moja kwa mia za zamani. Chukua mwaka wa namna hiyo ambapo thamani ya Pato imepanda kwa asilimia 210 na bei kwa asilimia 200. Anayetoa atatangaza ukuaji wa asilimia 10, wa kushangilia kabisa, anayegawanya 3.10 kwa 3.00 atapata asilimia 3.3. Tabia ya kugawanya ni bora kuizoea wakati bei zimetulia, maana zikichafuka hakuna muda wa kujifunza.

Sasa unaweza kurudi kwenye namba za mwanzo. Thamani ilipanda kwa karibu asilimia 13 na ukuaji halisi ulizidi kidogo asilimia 5, gawanya 1.13 kwa 1.05 na kitu, na utaona kwamba difleta ya Uganda ilipanda kwa asilimia 7 hivi kati ya 2021/22 na 2022/23.

Hatua ya 4: Usichukue mfumuko wa bei wa magazetini ukaufanya difleta

Mwaka huo huo wa 2022/23 ulikuwa mgumu sokoni. Mfumuko wa bei wa mwaka, unaotangazwa kila mwezi, ulifika asilimia 10.7 Oktoba 2022, na wastani wa mwaka mzima wa fedha ulikaribia asilimia 9. Mtu aliyeutumia wastani huo badala ya difleta angegawanya 1.13 kwa 1.09 na kupata ukuaji wa chini ya asilimia 4, pungufu kwa zaidi ya asilimia moja nzima. Kwa uchumi wa shilingi trilioni 163, asilimia moja ni trilioni 1.6.

Tofauti inatokana na kile kinachopimwa. Fahirisi ya Bei za Mlaji, ambayo ndiyo chanzo cha mfumuko wa bei wa magazetini, hupima kikapu cha vitu vinavyonunuliwa na kaya, na kikapu hicho kina petroli, mafuta ya kupikia na vitu vingine vinavyoagizwa kutoka nje, ambavyo si sehemu ya uzalishaji wa Uganda. Mafuta yote ya magari nchini huja kupitia Kenya na Tanzania, hivyo bei zake zikipanda kikapu cha mlaji huonja moto mara moja, wakati difleta huguswa kwa njia ya mzunguko tu, kupitia nauli na gharama za wazalishaji. Kwa upande mwingine, difleta ina bei za vitu ambavyo mlaji wa Kampala hanunui kabisa: ujenzi wa barabara, huduma za serikali, na bidhaa zinazosafirishwa nje.

Kahawa ndiyo mfano mzuri kuliko yote, na safari hii namba ni za kweli. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Uganda iliuza nje magunia milioni 5.76 ya kilo 60 kwa dola milioni 846. Mwaka 2023/24 iliuza magunia milioni 6.13 kwa dola bilioni 1.14. Thamani imepanda kwa karibu asilimia 35. Lakini gawanya magunia kwa magunia na utaona wingi umepanda kwa asilimia 6 tu. Bei ya gunia ndiyo iliyoruka kutoka kama dola 147 hadi kama dola 186, sawa na asilimia 27. Zidisha 1.064 kwa 1.266 urudi kwenye 1.347, na hesabu imefunga. Mkulima wa Masaka au Bushenyi aliyeuza mwaka huo alikuwa na fedha nyingi zaidi mfukoni, na hilo ni jambo la kweli na la maana kwake, lakini katika ukuaji halisi wa Pato la Taifa kahawa inahesabiwa kwa ile asilimia 6, si 35. Ile 27 inaingia kwenye difleta. Fahirisi ya Bei za Mlaji karibu haikuiona.

Mwaka uliotangulia unaonyesha upande wa pili. Kati ya 2021/22 na 2022/23 mapato ya kahawa yalishuka kutoka dola milioni 876 hadi 846, karibu asilimia 3.4, na magunia yakashuka kutoka milioni 6.26 hadi 5.76, yaani asilimia 8. Anayetazama dola peke yake anaona mtikisiko mdogo. Wingi ulikuwa umeanguka zaidi ya mara mbili ya hapo, na bei iliyopanda kwa asilimia 5 ikafunika pengo.

Hatua ya 5: Kumbuka kwamba difleta ya taifa ni matokeo

Watu wengi hudhani kuna difleta moja kabatini UBOS, ambayo hutolewa na kugawia jumla ya uchumi. Kazi huenda kinyume. Kila shughuli hufanyiwa hesabu yake: penye takwimu za wingi, kama vile tani za saruji na sukari au kilowati-saa za umeme, thamani ya mwaka wa kizio husogezwa mbele kwa mwendo wa wingi huo; penye takwimu za fedha tu, mauzo hugawanywa kwa fahirisi ya bei inayofanana na shughuli hiyo, iwe ya wazalishaji au sehemu fulani ya ile ya walaji. Hata matoke ambayo kaya imevuna shambani kwake na kuyala bila kwenda sokoni hukadiriwa na kutiwa ndani. Majibu ya sekta zote hujumlishwa, na mwisho kabisa difleta ya jumla hujitokeza yenyewe kwa kugawanya jumla moja kwa nyingine. Kwa hiyo, ukitaka kueleza kwa nini difleta ya mwaka fulani imepanda, shuka kwenye sekta. Jibu haliko kwenye jumla.

Na unaposhuka kwenye sekta utakutana na jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote katika mwongozo huu: Pato la Taifa hujumlisha ongezeko la thamani, si mauzo. Ongezeko la thamani ni mauzo ukitoa malighafi na huduma zilizotumika, na bei za pande hizo mbili si lazima ziende pamoja.

Mchukue muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa Wandegeya, Kampala, mwenye kikaango chake na mkaa wake kando ya barabara. Mwaka wa kwanza anauza rolex 1,000 kwa shilingi 2,000 kila moja, jumla milioni 2. Unga, mayai, mafuta, nyanya na mkaa vinamgharimu milioni 1.2, kwa hiyo ongezeko lake la thamani ni shilingi 800,000. Mwaka wa pili anauza rolex 1,000 vilevile, za ukubwa ule ule, kwa shilingi 2,500, jumla milioni 2.5. Malighafi hazikubadilika kwa wingi, ila bei zake zimepanda kwa nusu, sasa ni milioni 1.8. Ongezeko lake la thamani kwa bei za mwaka husika ni 700,000.

Njia ya kwanza, ya difleta moja, hugawanya 700,000 kwa fahirisi ya bei ya rolex, ambayo ni 125, na kupata 560,000. Kulinganisha na 800,000, uzalishaji halisi umeanguka kwa asilimia 30. Njia ya pili, ya difleta mbili, hurudisha mauzo kwenye bei za mwaka wa kwanza kwa fahirisi yake (milioni 2), hurudisha malighafi kwa fahirisi yake (150, yaani milioni 1.2), kisha hutoa: 800,000. Hakuna kilichopungua. Na kwa kweli hakuna kilichopungua, maana rolex ni 1,000 na unga ni ule ule. Kilichoumia ni faida ya muuzaji, ambayo ni habari ya bei.

Basi kwa nini difleta moja bado hutumika katika shughuli nyingi? Kwa sababu njia ya pili hudai fahirisi nzuri ya bei za malighafi kwa kila shughuli, na fahirisi hizo ni ghali kuzikusanya na mara nyingi hazipo. Ikiwa bei za pande zote mbili zinaenda kwa mwendo unaokaribiana, madhara ni madogo. Mwaka ambao ngano na mafuta ya kupikia yanapanda ghafla, kama ilivyokuwa 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, tahadhari inahitajika. Kuna pia mtego mdogo pembeni: muuzaji anayeacha bei pale pale akapunguza unga wa chapati amepandisha bei kimyakimya, na mkusanya takwimu asiyekuwa na mizani ataandika kwamba bei haikubadilika.

Hatua ya 6: Elewa mwaka wa kizio unafanya nini

Ingekuwa mwaka wa kizio ni kipimo tu cha kusomea, kuubadilisha kusingegusa ukuaji. Lakini unaugusa, na wilaya yetu ya kubuni inaonyesha kwa nini. Chukua 2022/23 kuwa mwaka wa kizio badala ya 2016/17. Pato la 2022/23 linakuwa milioni 1,750. Pato la 2023/24, kwa bei za 2022/23, ni milioni 784 za mahindi, 472.5 za maziwa na 630 za boda boda, jumla 1,886.5. Ukuaji ni asilimia 7.8, si 7.5 tena, ingawa hakuna kilo wala lita iliyobadilika.

Sababu ni uzito. Kwa bei za 2016/17, mahindi yalikuwa asilimia 36.4 ya Pato la 2022/23. Kwa bei za 2022/23 ni asilimia 40, kwa kuwa bei ya mahindi ilipanda kuliko za wenzake. Mahindi ndiyo yaliyokua kwa asilimia 12, kwa hiyo kuyapa uzito mkubwa zaidi kunavuta wastani juu. Zidisha mwenyewe: 0.364 mara 12 jumlisha 0.636 mara 5 ni 7.5, 0.40 mara 12 jumlisha 0.60 mara 5 ni 7.8. Ukuaji halisi ni wastani wa ukuaji wa viasi, na mwaka wa kizio ndio unaogawa uzito.

Kutokana na hilo, mwaka wa kizio unapozeeka huanza kupotosha. Uganda imetumia 2002, kisha 2009/10, na Oktoba 2019 ikahamia 2016/17. Fikiria huduma za simu na fedha za simu: bei na matumizi ya 2002 haviwezi kutoa uzito wa haki kwa shughuli ambayo wakati huo haikuwepo au ilikuwa ya watu wachache. Mwaka unaofaa kuwa kizio ni ule usio na ukame mkubwa wala bei zilizoruka, na wenye tafiti za kutosha za kaya na biashara, kwani wakati wa kubadilisha kizio ndipo ofisi za takwimu pia huingiza vyanzo vipya na kuhesabu shughuli zilizokuwa zimeachwa nje.

Hicho cha mwisho ndicho huleta vichwa vya habari. Nigeria ilipohama kutoka kizio cha 1990 hadi cha 2010, Aprili 2014, Pato lake la 2013 lilionekana kubwa zaidi kwa asilimia 89. Kenya ilihama kutoka kizio cha 2001 hadi cha 2009 mwaka huo huo wa 2014, na uchumi wake ukapanuka kwa takriban robo. Hakuna Mnigeria aliyeamka tajiri asubuhi hiyo. Ukubwa ulirekebishwa, ukuaji wa mwaka hadi mwaka ni swali jingine.

Kwa hiyo usipime kamwe ukuaji kwa kuchukua mwaka mmoja kutoka mfululizo wa zamani na mwingine kutoka mfululizo mpya. Ni sawa na kupima mavuno ya mwaka jana kwa debe lako na ya mwaka huu kwa debe la jirani. Ukihitaji mfululizo mrefu unaovuka mabadiliko ya kizio, unganisha hivi. Tuseme, kwa namba za kubuni, mfululizo wa kizio cha 2009/10 una 500 kwa mwaka 2015/16 na 520 kwa 2016/17. Mfululizo wa kizio cha 2016/17 una 800 kwa 2016/17 na 850 kwa 2017/18. Mwaka unaopatikana pande zote mbili ni 2016/17. Gawanya 800 kwa 520 upate kizidishi cha 1.5385, kisha zidisha miaka yote ya zamani kwa hicho: 500 inakuwa 769.2. Sasa 2015/16 hadi 2016/17 ni asilimia 4, kama ilivyokuwa katika mfululizo wa zamani, na 2016/17 hadi 2017/18 ni asilimia 6.25, kama ilivyo katika mpya. Aliyeunganisha bila kizidishi angeruka kutoka 500 hadi 800 na kutangaza muujiza wa asilimia 60.

Ikiwa unaunganisha kilimo, viwanda na huduma kila kimoja peke yake, na kisha jumla peke yake, sekta zilizounganishwa hazitajumlika kuwa sawa na jumla iliyounganishwa. Hilo si kosa la hesabu, bali ni tabia ya njia yenyewe, kwa kuwa kila sekta ina kizidishi chake. Usigawe pengo hilo kwa sekta ili kulificha. Liache na uandike maelezo chini ya jedwali.

Hatua ya 7: Robo mwaka, miaka mingi na kwa kila mtu

Takwimu za robo mwaka zilinganishe na robo ile ile ya mwaka uliopita. Sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda ina misimu miwili ya mvua na Karamoja ina mmoja, kwa hiyo robo ya mavuno ikilinganishwa na robo ya kupanda utapima mvua, labda utumie mfululizo ambao athari za msimu zimekwisha kuondolewa.

Wastani wa miaka kadhaa haupatikani kwa kugawanya ongezeko lote kwa idadi ya miaka. Uchumi uliotoka 100 hadi 130 kwa miaka mitano umekua kwa wastani wa asilimia 5.4 kwa mwaka, si 6: chukua kipeuo cha tano cha 1.30, toa moja. Katika Excel ni =1.3^(1/5)-1.

Na ukitaka kujua kama uzalishaji umeongezeka kwa kila mtu, gawanya tena. Sensa ya Mei 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, kutoka milioni 34.6 mwaka 2014, ambalo ni ongezeko la asilimia 2.9 kwa mwaka. Uchumi uliokua kwa asilimia 5.3 umekua kwa kila mtu kwa 1.053 ÷ 1.029, yaani asilimia 2.3. Wilaya yetu ya mahindi, maziwa na boda boda, ikiwa nayo inaongeza watu kwa kasi hiyo, inabakiwa na 1.075 ÷ 1.029, sawa na asilimia 4.5.

Kando ya kila jibu andika mambo manne: mwaka wa kizio, kama ni bei za soko au ongezeko la thamani, kama ni mwaka wa fedha au wa kalenda, na tarehe ya toleo ulilotumia. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu makadirio ya awali ya Uganda hutolewa kabla mwaka wa fedha haujaisha, na baadaye hurekebishwa taarifa za mavuno na hesabu za kampuni zinapokamilika. Toleo jipya linapotoka, badilisha safu nzima ya jedwali lako, ikiwa ni pamoja na miaka iliyopita, kwani marekebisho hayaishii kwenye mwaka wa mwisho.